Kabine Namba Saba

Sehemu ya sita

"Mnakimbia lini?"

Kwa swali hilo tulimwacha Hamissi wiki iliyopita, amesimama mlangoni kwake, Buyenzi, valizi mbili mpya za kusafiria mikononi, karatasi za dukani bado zimebandikwa. Aliyeuliza alikuwa Melchior, chefu, yaani mkuu wa mtaa. Nyuma ya chefu walisimama majirani wasiopungua thelathini, na hakuna hata mmoja aliyemtazama Hamissi usoni. Walitazama valizi.

"Hatukimbii," Hamissi akajibu. "Tunaenda kutembea."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Hakikuwa kicheko kizuri.

Aliyekosa gazeti asihangaike, mambo yenyewe ni mafupi. Hamissi ni fundi cherehani. Alipewa kazi ya kushona mapazia ya meli Kalambo, ile inayotoka Bujumbura ikashuka ziwa hadi Kigoma, hadi Mpulungu kule Zambia, kisha inageuka. Alipanda mwenyewe kupima madirisha. Ndani ya kabine namba saba akaona vitanda viwili vyenye shuka nyeupe, sinki na kiti cha kuegemea. Abiria alikuwa amelala. Saa sita mchana amelala, na mhudumu mwenye koti jeupe anamletea samaki kwenye sahani.

Hamissi akamfikiria mkewe, Mwanamwema. Miaka ishirini ya ndoa, kila siku anaamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza. Hajawahi kuletewa hata chai kitandani.

Alipomaliza mapazia, akaomba alipwe kwa tiketi mbili za kabine namba saba. Kwenda na kurudi, siku kumi majini. Ingekuwa safari yao ya kwanza isiyo ya msiba wala ya vita.

Lakini mwaka ulikuwa 1996, na Bujumbura ya mwaka huo mtu akinunua valizi, majirani hawaulizi anakwenda wapi. Wanauliza lini.

Na valizi za Hamissi zilikuwa mbaya kuliko za mtu mwingine yeyote. Mwaka uliotangulia, mwezi wa tatu, yeye na mkewe walipeleka nguo za harusi Ruziba, wakalala huko. Kesho yake Buyenzi ikawaka. Waliobaki walitoka mbio na watoto mgongoni, na si wote waliofika walikokuwa wanakwenda. Hamissi hakuwa amejua lolote. Lakini mtaa uliamini kwamba alijua, na tangu siku ile mtaa mzima ulitazama mlango wake. Akifunga mapema, watu wanafunga mapema. Akinunua mchele mwingi kidogo, jioni dukani kwa Suud hakuna mchele.

Chefu Melchior alisema yote hayo pale pale mlangoni, bila kupandisha sauti. Akaongeza kwamba nyumba tatu zimekwisha hama tangu adhuhuri, valizi zilipoonekana zikishuka kwenye teksi. Akamalizia na lile alilokuja kusema: barua ya mtaa hatasaini.

Bila barua ya mtaa, ile inayosema fulani ni mkazi wetu, anatoka na atarudi, hakuna kupewa laissez-passer, hati ya kutoka nchini. Bila laissez-passer hakuna bandari. Na Kalambo ilikuwa inang'oa nanga Jumatatu saa nne asubuhi. Hii ilikuwa Jumanne.

"Chefu, tunarudi. Siku kumi tu."

"Wote wanasema siku kumi, Baba Afrah."

Béatrice, jirani wa ukuta mmoja, mama mkubwa mwenye sauti ya kuita wateja sokoni, ndiye aliyesema lililokuwa kichwani mwa kila mtu. "Tuelezeni basi. Mutu ana akili zake anapanda meli, anafika mbali, kwenye amani, watu wanalala usingizi. Halafu ile meli anaiambia, nirudishe Bujumbura?"

Kila Hamissi alivyozidi kueleza, ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Aliwaambia habari ya samaki kwenye sahani. Wakatazamana. Aliwaambia habari ya shuka nyeupe. Béatrice akaenda kukunja godoro lake.

Ndani, Mwanamwema alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Alikuwa amesikia yote.

* * *

Jumatano Hamissi akaenda Rohero hivyo hivyo, bila barua, kujaribu bahati. Ofisi ya hati za kusafiria ilikuwa imejaa. Alipanga foleni tangu saa moja mpaka saa tano. Dirisha la tatu alikaa karani aitwaye Scholastique, miwani imening'inia shingoni kwa kamba.

"Sababu ya safari?"

"Kutembea."

"Kutembelea nani?"

"Hakuna mutu. Tunatembea na meli."

Akamuuliza kama ni biashara. Apana. Msiba? Apana. Matibabu? Wako wazima. Scholastique akavaa miwani ili amwone vizuri.

"Mnashukia wapi?"

"Hatushuki, mama. Meli ikifika mwisho inageuka. Na sisi tunageuka nayo."

Scholastique akaweka kalamu chini. Alimwita mwenzake wa dirisha la pili, naye akamwita mkubwa wao, na wote watatu wakainama juu ya fomu kama watu wanaotafuta sindano. Fomu ilikuwa na visanduku vinne: biashara, masomo, matibabu, familia. Kisanduku cha kukaa kitini na kula samaki hakikuwepo.

Mkubwa akauliza kama hawana ndugu huko njiani. Hamissi akakiri kwamba binti yao Afrah, mtoto wao wa pekee, ameolewa Kigoma. Basi, wakasema, imekwisha, andika familia. Mtu yeyote mwenye haraka angeandika familia akaenda zake. Hamissi akakataa. Afrah watamwona, akasema, meli inasimama pale saa kadhaa, watamsalimia. Lakini hawaendi kwa Afrah. Akiandika familia, mkewe atafika Kigoma na kuingia jikoni kwa bintiye kukaanga maandazi, na yeye anataka siku kumi ambazo Mwanamwema hatashika sufuria.

Nyuma yake foleni ilianza kuguna. "Muzee, andika matibabu," mmoja akasema. "Ya kichwa." Watu wakacheka mpaka askari wa mlangoni akageuka.

Hamissi hakucheka. Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili akasema hatoki.

Mwishowe Scholastique akaandika mwenyewe, pembeni mwa fomu, pasipo kisanduku: kutembea. Akagonga mhuri juu yake. Akasema bado inatakiwa barua ya mtaa, bila hiyo asirudi. Kisha akashusha sauti.

"Miaka kumi na nne niko hapa. Wewe ni wa kwanza. Nikuulize kitu, muzee. Mke wako anajua kwamba mnarudi?"

Hamissi akaona ni swali la kipumbavu. Akachukua fomu yake akatoka.

* * *

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa chefu akiwa tayari kupigana. Akamkuta Béatrice amefika kabla yake, amekaa kwenye benchi, ana wazo.

Wazo la Béatrice lilikuwa hivi. Mtu akikimbia, anabeba nini kwanza? Godoro. Mwaka jana barabara nzima ilikuwa magodoro yanatembea juu ya vichwa. Sasa Hamissi aache godoro lake. Alitoe nje mchana kweupe, watu waone, alilete nyumbani kwa Béatrice. Mwenye kuacha godoro atarudi.

Chefu akafikiri. Akasema godoro peke yake halitoshi, godoro linanunuliwa. Aache na cherehani. Fundi bila cherehani haendi popote.

Hamissi akasita. Cherehani ile aliirithi kwa bosi wake, nyeusi, ya mkono, imelisha nyumba yake tangu siku ya ndoa. Aliwahi kuibeba kichwani kilomita saba. Lakini akawaza Jumatatu saa nne, akakubali. Alirudi nyumbani akimwogopa mkewe zaidi ya chefu.

Mwanamwema akamshangaza. "Wape godoro," akasema mara moja. "Na cherehani nitaifunga mimi mwenyewe. Inataka mafuta kabla ya kukaa."

Hamissi nusura amkumbatie mbele ya watu. Huyu ndiye mwanamke, alijisemea. Anaitaka hii safari kama mimi.

Basi mchana huo mtaa ukaona tamasha. Godoro lilitoka kwanza, Hamissi amelibeba kichwani upande wa mbele, Béatrice nyuma, watoto pembeni. Béatrice alilitandika uani kwake, akalala juu yake watu wakitazama, akatangaza kwamba upande wa Baba Afrah umezama kama mtumbwi. Hata chefu alicheka. Kisha cherehani ikatoka, imo ndani ya sanduku lake la mbao, kufuli imefungwa, ufunguo kwa Mwanamwema. Hamissi aliibeba mwenyewe mpaka dukani kwa Suud. Uzito ule ule anaoujua. Suud akaisukuma chini ya kaunta na kusema salama, inshallah, mtaikuta.

Jioni nyumba mbili kati ya zile tatu zilizohama zilirudi. Chefu akasaini barua.

"Jina langu liko hapo, Baba Afrah," alisema. "Usipoonekana siku ya kumi, mtaa huu utahama kwa miguu usiku, na mimi ndiye nitakayekuwa nimewadanganya."

Hamissi akaapa.

Jambo moja dogo lilitokea siku hiyo hiyo, na Hamissi hakulijali. Mwanamwema aliomba tiketi, akasema anapita kwenye ofisi ya meli kuhakikisha kabine namba saba ina dirisha. Hamissi akamwambia dirisha lile amelipima kwa mkono wake, sentimita arobaini kwa hamsini. Alikwenda hata hivyo. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi akasema ndiyo, dirisha lipo.

* * *

Ijumaa laissez-passer zikatoka. Jumamosi Hamissi alizunguka nyumba kama bwana harusi. Alikuwa amemshonea mkewe gauni kwa ajili ya meli, la buluu, pana mabegani, la mtu asiye na kazi ya kufanya. Akataka kuliona likivaliwa. Mwanamwema akasema limekwisha ingia kwenye valizi, atalivaa majini.

Akataka kusaidia kupakia. Akaambiwa hiyo ni kazi ya wanawake.

Akamweleza mambo ya meli, kengele ya chakula, mhudumu, jinsi pazia la kabine saba lilivyo na upindo mmoja uliopinda kidogo ambao ni yeye tu anayeujua. Mwanamwema alisikiliza akitazama ukuta. Palikuwa na alama nyeupe ukutani mahali ambapo picha ya ndoa yao ilikuwa imetundikwa. Hamissi akauliza picha iko wapi. Ameitoa, akasema, kuipangusa vumbi.

Ndugu msomaji, wewe umekwisha elewa. Hamissi alikuwa mtu wa kupima vitambaa.

* * *

Jumatatu, saa tatu na nusu, bandarini.

Kalambo ilikuwa imefunga gatini, nyeupe, inatoa moshi kidogo. Mapazia yalionekana kwa nje, mstari mzima. Hamissi aliyahesabu mpaka la saba. Alikuwa amevaa koti. Chefu Melchior alikuja kuona kwa macho yake, kwa sababu saini yake ilikuwa kwenye barua. Béatrice naye alikuja, kusindikiza.

Mchukuzi aliyebeba valizi ya Mwanamwema aliishusha mbele ya afisa wa forodha, na valizi ikagonga saruji. Haikulia kama nguo. Ililia chuma.

"Fungua," afisa akasema.

Hamissi akacheka. Alimwambia afisa ni nguo tu, wanaenda kutembea. Afisa akasoma fomu, akaona lile neno pembeni, kutembea, na mhuri juu yake. Akamtazama Hamissi, akafungua valizi mwenyewe.

Juu lilikuwa gauni la buluu, limekunjwa likawa bunda. Afisa akalikunjua. Ndani ya gauni kilikuwa kichwa cha cherehani, cheusi, kimepakwa mafuta.

Chini yake kulikuwa na hati ya kiwanja ndani ya nailoni. Picha ya ndoa, bila fremu. Cheti cha kuzaliwa cha Afrah. Sufuria mbili, moja ndani ya nyingine. Maharage kilo tano. Blanketi.

Nyuma yao wachukuzi waliendelea kupita na magunia.

Chefu Melchior ndiye aliyeuliza, taratibu sana. "Kama cherehani iko hapa, kwa Suud kuna nini?"

"Matofali," Mwanamwema akasema. "Mawili."

Afisa alikuwa amechukua tiketi. Akazigeuza moja baada ya nyingine, akaziweka juu ya gauni. Moja ilikuwa ya kwenda na kurudi. Ya pili ilikuwa ya kwenda tu, na imegongwa mhuri mwingine: mzigo wa ziada, kilo arobaini.

"Mama anashuka Kigoma," afisa akasema. "Wewe unarudi. Mnasafiri pamoja au hapana?"

Hamissi akamgeukia mkewe. Sauti ikatoka kubwa mno.

"Uliuza kurudi kwako?"

"Nilibadilisha. Walisema kilo hazitoshi."

"Na yangu?"

"Yako ni yako. Nilifikiri utabadilisha mwenyewe." Mwanamwema alimtazama machoni. "Nilifikiri unajua. Nilifikiri unaona aibu kusema."

"Kusema nini? Wiki nzima nasema. Kwa chefu nimesema, Rohero nimesema, barabarani watu wananicheka, nasema tunaenda kutembea!"

"Ndiyo hivyo hivyo baba yangu alisema."

Hamissi akamsogelea.

"Mwaka wa sabini na mbili, Rumonge," Mwanamwema akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba akatuambia vaeni vizuri, tunaenda kutembea ziwani. Ufunguo akampa jirani, akamwambia tunarudi Ijumaa. Alizikwa Kigoma, Baba Afrah. Wewe ulinioa kutoka kule na hukuniuliza hata siku moja tulifikaje. Sasa mume wangu ananunua valizi, anasema vaa vizuri, tunaenda kutembea ziwani. Ulitaka nielewe nini?"

Hamissi alijua kwamba mkewe alikulia Kigoma. Alijua hivyo tu. Katika miaka ishirini alikuwa amempima mkono, kiuno na bega, na swali hilo moja halikuwahi kumjia mdomoni.

"Nilitaka ulale," akasema. "Nilitaka uletewe samaki."

Mwanamwema akafumba macho. Alipoyafumbua, akasema polepole kwamba anamwamini. Sasa anamwamini. Lakini mwili wake umekwisha ondoka Buyenzi tangu Alhamisi, na hawezi kuurudisha.

Honi ya kwanza ikalia.

Hapo ndipo Hamissi alipogundua kwamba Béatrice hayupo. Akageuka. Béatrice alikuwa ameiona cherehani kama walivyoiona wote, na hakungoja maelezo. Alikuwa amefika getini, amejifunga kitenge kiunoni. Akavuka barabara kwa mwendo wa haraka. Kisha mama yule mkubwa, mwenye magoti mabaya, akaanza kukimbia kuelekea Buyenzi.

"Akifika," Melchior akasema, "mpaka saa sita hakuna mtu mtaani. Watakwenda wapi? Mwaka jana unajua waliishia wapi. Mkimbilie. Wakuone wewe mwenyewe umerudi, watatulia. Mimi hawataniamini tena."

Afisa akamrudishia Mwanamwema tiketi yake. Mwanamwema akaichukua. Akatoa gauni la buluu kwenye valizi, akalivaa hapo hapo juu ya nguo zake, akavuta kola ikakaa sawa. Lilimkaa vizuri, kama kila kitu alichowahi kushonewa na mumewe. Kisha akakiinua kichwa cha cherehani, akakiweka mikononi mwa Hamissi.

"Vitanda viko viwili mule ndani," akasema. "Uliniambia mwenyewe."

Akafunga valizi, akaibeba kichwani, akaelekea kwenye daraja la meli. Hakugeuka.

Honi ya pili ikalia. Mabaharia wakaanza kufungua kamba.

Upande mmoja gauni la buluu lilikuwa linapanda. Upande mwingine, mbali barabarani, Béatrice alikuwa anakata kona. Hamissi alisimama katikati, cherehani kifuani, mafuta yanaingia kwenye koti lake jipya, na kati ya wale wanawake wawili aliweza kumfikia mmoja tu.

Akaanza kukimbia.

(Itaendelea wiki ijayo)